Bunduki Husafiri kwa Namba Yake

Kwa misimu kumi na miwili sasa nimekuwa nikiwapokea wageni wa uwindaji wa kitalii katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika miezi mingi kabla mgeni hajapanda ndege, nikiwa nimeketi mezani na kutazama picha ya kipande cha chuma kilichochongwa tarakimu. Ndugu na jamaa huniuliza habari za simba na nyati, wakidhani ndio wanaoninyima usingizi. Kinachoninyima usingizi ni namba.

Mgeni anayesafiri na bunduki yake kwa mara ya kwanza huniandikia akiwa na wasiwasi kuhusu sanduku, ilhali sanduku ndilo jambo rahisi kuliko yote. Liwe gumu, lisilopindika, na lifungwe kwa kufuli katika kila tundu lililowekwa kwa ajili hiyo. Likishafungwa, ajaribu kuinua kona zake kwa vidole, na kama kidole kinapenya, anunue jingine. Bunduki isiwe na risasi hata moja, si katika chemba wala katika magazini, na kile chuma cha kufungia chemba ni vyema kikachomolewa ili ofisa yeyote atakayefungua aone mwanga upande wa pili wa mtutu. Sanduku hutangazwa kwenye kaunta ya mizigo na kusafiri chini ya ndege, kamwe si pamoja na abiria. Nchini Marekani ufunguo hubaki mfukoni mwa mwenye bunduki, naye huutoa pale tu maofisa wa usalama wanapohitaji kukagua ndani.

Risasi zina utaratibu wake. Kanuni za kimataifa za usafirishaji wa vitu vya hatari kwa ndege humruhusu abiria kubeba risasi za kundi la 1.4S, yaani zile ambazo zikilipuka madhara yake hubaki ndani ya boksi, kwa matumizi yake mwenyewe, zisizozidi kilo 5 pamoja na vifungashio vyake, na shirika la ndege lazima liwe limekubali mapema. Mume na mke wanaosafiri pamoja hawaruhusiwi kuziunganisha kilo zao katika boksi moja la kilo 10, jambo ambalo nimelieleza mara nyingi kiasi kwamba nimeliweka katika barua ya kwanza kabisa. Risasi moja ya .375 H&H Magnum yenye kichwa cha gramu 19 na kitu ina uzito wa gramu 40 hivi, kwa hiyo mtu anaweza kubeba karibu mia moja bila shida, nazo ni nyingi kuliko atakazozihitaji isipokuwa awe mlengaji mbaya sana. Mashirika mengine ya ndege hukubali risasi zikae katika sanduku la bunduki na mengine hukataa katakata, ndiyo maana huwa nawashauri wageni wote waziweke katika kisanduku chao kidogo chenye kufuli, ndani ya begi jingine la mizigo.

Baada ya hapo tunaingia kwenye karatasi, na hapo ndipo safari nyingi hukwama.

Mmarekani hana leseni ya serikali kuu ya kumiliki bunduki ya kawaida ya kuwindia, kwa sababu nchi yake haitoi leseni ya namna hiyo. Anachokuja nacho ni fomu namba 4457 ya forodha ya Marekani, inayogongwa muhuri baada ya ofisa kuiona bunduki yenyewe, na lengo lake la asili ni kuthibitisha wakati wa kurudi kwamba mali hiyo haikununuliwa ng'ambo. Kwetu sisi huku Afrika karatasi hiyo imekuwa ndiyo ushahidi wa umiliki. Kwa miaka kadhaa ilikuwa na tarehe ndogo pembeni, ambayo ilikuwa ni ya ukomo wa toleo la fomu na wala haikuhusu bunduki, na baadhi ya maofisa wa nchi zetu waliisoma kama tarehe ya kwisha kwa leseni. Siwalaumu. Mtu aliyezoea kwamba kila leseni ina mwisho wake, akiona tarehe iliyopita kwenye kona ya karatasi, atafikiri nini kingine? Mgeni kutoka Umoja wa Ulaya huwa na pasi ya silaha ya Ulaya, kijitabu kinachoorodhesha bunduki zake na namba zake, na kwa upande huo kazi yangu huwa nyepesi kidogo.

Kinachowachanganya wageni ni kwamba kila nchi ya Afrika ina njia yake. Nchini Namibia polisi huandika kibali cha muda pale pale uwanjani mgeni anapowasili. Afrika Kusini ina fomu ya polisi wake iitwayo SAPS 520, inayojazwa kwa wino mweusi na kutiwa saini mbele ya ofisa badala ya nyumbani, na mgeni huko hawezi kuingia na bunduki mbili za kaliba moja, yaani upana mmoja wa tundu la mtutu, wala risasi zinazozidi 200 kwa kila bunduki. Mtu aliyekwisha kuwinda katika nchi hizo mbili huja kwetu akiwa na utulivu ambao mimi huuogopa, kwa sababu Tanzania haifanyi hivyo. Hapa kampuni ya uwindaji ndiyo inayoomba kibali kabla ya safari, na ombi hilo hutaja jina la mwenye bunduki, mtengenezaji, kaliba, idadi ya risasi, na namba ya bunduki. Bunduki inayoshuka kwenye ndege hulinganishwa na karatasi hiyo, tarakimu kwa tarakimu.

Kaliba nayo ina maneno yake. Katika nchi nyingi za Afrika zenye uwindaji, Tanzania ikiwamo, .375 ndiyo kiwango cha chini kinachokubalika kwa nyati, tembo na wanyama wengine hatari. Wajerumani na majirani zao huipenda sana 9.3x62, bunduki nzuri tangu mwaka 1905, lakini milimita 9.3 ni sawa na .366 ya inchi, na mbele ya kanuni iliyoandika .375 hizo sehemu tisa za elfu ya inchi ni pengo. Huwaomba waulize kabla ya kufunga sanduku badala ya kuja kubishana na mtu wa forodha kuhusu ubora wa bunduki ya babu.

Nilisema kwamba namba huninyima usingizi, na sababu yake ni kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita alikuja mzee wa zaidi ya miaka sabini, akiwa na bunduki ya mitutu miwili ya kaliba .470 aliyoirithi kwa baba yake, ambayo haikuwa imekanyaga Afrika kwa muda mrefu. Alinitumia picha ya namba kwa simu. Nilikuwa nikiandaa maombi ya wageni wanne siku hiyo, na katika kuinakili namba yake nikageuza tarakimu mbili za katikati. Hakuna aliyegundua: si mimi, si mzee aliyetumiwa nakala, wala waliotoa kibali, ambao walikuwa na karatasi yangu tu ya kuangalia. Aliyegundua ni ofisa wa polisi pale uwanjani, usiku, aliyemulika tochi kwenye chuma akasoma kwa sauti, akarudi kwenye karatasi, kisha akanitazama.

“Ndugu yangu, hii siyo bunduki iliyoombewa kibali.”

“Afande, ni tarakimu mbili tu zimegeuka.”

“Zikigeuka mbili ni bunduki nyingine. Hii ya kwenye karatasi iko wapi?”

Sikuwa na jibu, kwa kuwa alikuwa sahihi kabisa. Mbele ya sheria palikuwa na bunduki moja isiyo na kibali na nyingine yenye kibali isiyoonekana. Ile ya mzee ikabaki ghalani chini ya ulinzi, na kibali kilichosahihishwa kikapatikana siku ya tano. Yeye alikwenda kambini siku iliyofuata, akampiga nyati wake kwa .375 ya kampuni, na bunduki ya baba yake ilipofika hatimaye aliipigia boksi lililowekwa kwenye kichuguu, risasi mbili, akaifuta na kuirudisha ndani. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

Tangu hapo sipokei picha peke yake. Mgeni huishika bunduki mkononi tukiwa tunaongea kwa simu, ananisomea namba kutoka kwenye chuma, nami namsomea kutoka kwenye ombi, kisha ananisomea tena kutoka kwenye karatasi ya nchi yake. Bunduki za zamani mara nyingine huwa na namba zaidi ya moja, ya mwili na ya mtutu, na ni lazima tukubaliane ni ipi iliyoandikwa huko alikotoka.

Kuhusu njia ya ndege nina msimamo ambao wageni huuona wa ukaidi: tiketi iwe moja, na sanduku lisajiliwe kutoka mwanzo hadi Kilimanjaro. Mwenye tiketi mbili tofauti hulazimika kuchukua mizigo yake katikati ya safari na kuiandikisha upya, na akishaichukua tu, ameingiza bunduki katika nchi ambayo hakuiomba kibali. Anayelala Johannesburg kwa usiku mmoja na kutoka na sanduku lake anahitaji kibali cha Afrika Kusini kama vile anakwenda kuwinda huko. Hata kupita tu kuna masharti: Uholanzi, ambako wageni wetu wengi hubadilishia ndege, hutaka idhini ya forodha yake kabla bunduki haijapita Amsterdam. Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977, na simshauri mgeni yeyote alale Nairobi akiwa na bunduki, hata kama nauli ni ya chini.

Jambo moja dogo ambalo husahaulika ni ndege ya mwisho. Kutoka Kilimanjaro kwenda Rungwa, Maswa au Selous mgeni hupanda ndege ndogo, ambayo huhitaji mizigo laini inayokunjika na yenye uzito mdogo, na lile sanduku gumu lililovuka bahari halina mahali pa kukaa. Mkoba wa turubai uliokunjwa ndani ya sanduku humaliza tatizo hilo, na sanduku hubaki ofisini kwetu hadi atakaporudi. Kambini, kabla ya mnyama yeyote, mwindaji bingwa anayemwongoza humtaka apige shabaha, maana darubini ya bunduki iliyopitia mikono ya wapakiaji wa viwanja vitatu haiaminiki.

Wakati wa kuondoka, zoezi lile lile hurudiwa kinyume. Aliyeingia na risasi 60 akatumia 11 anatarajiwa kuonyesha 49, na zile zilizobaki hazigawiwi kama zawadi kambini, hata kwa mwindaji bingwa aliyemwokoa na nyati, kwa sababu risasi haihami mkono bila kibali.

Juzi nimepokea karatasi za mgeni wa Julai. Katika namba ya bunduki yake kuna alama moja ya mviringo, na kutoka kwenye picha siwezi kujua kama ni sifuri au ni herufi O. Nimempigia, naye aliipeleka bunduki dirishani, akakaa kimya kwa muda, akasema hata yeye hajui. Ameahidi kwenda kuuliza kwa aliyemuuzia. Ombi lake bado liko mezani kwangu, nafasi hiyo moja ikiwa tupu.