Siku Nne za Masomo Dubai
Tulipelekwa Dubai kwa siku nne kujifunza upangaji wa miji, na nakiri kwamba nilikwenda nikitarajia kustaajabishwa na Burj Khalifa, jengo la mita 828 lililofunguliwa mwaka 2010. Nililitazama, shingo ikaniuma, basi.

Kilichonishika zaidi ni mtaa wa zamani wa Al Fahidi, kando ya hori, yaani mkono wa bahari unaoingia mjini, ambako nyumba zina minara ya kunasa upepo na kuushusha vyumbani, ujuzi uliopoza nyumba kabla umeme haujafika. Nilipoinua macho darini nikaona boriti za mikoko, za aina ile ile iliyosafirishwa kwa majahazi kutoka Lamu na delta ya Rufiji, na urefu wake ndio ulioamua upana wa chumba.

Mafuta yaligunduliwa Dubai mwaka 1966. Metro, treni ya mjini isiyo na dereva, ilianza mwaka 2009. Maji ya bomba karibu yote ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi, kazi inayokula nishati nyingi, hivyo kila nilipoona bustani kando ya barabara kuu nilijikuta nikiwaza gharama badala ya kufurahia maua. Jioni tulivuka hori kwa abra, mashua ya mbao, kwa dirham moja tu.