Gongo la Fedha la Mdakaji

Wiki hii, shule zikiwa zimefungwa, nilimpeleka mpwa wangu mwenye umri wa miaka 11 kwenye kiwanda cha magongo ya besiboli kilichopo Main Street hapa Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani, pale ambapo gongo la chuma lenye urefu wa takriban mita 36 limeegemezwa ukutani kana kwamba jitu fulani limeliacha likaenda kunywa maji. Nimeishi katika mji huu miaka tisa na nimepita mbele ya gongo lile mara nyingi, lakini sikuwahi kuingia ndani. Humo mnanukia mbao kama katika karakana za maseremala wa Ngamiani, Tanga, nilikokulia. Kipande cha mti kilicho mviringo hufungwa kwenye kerezo, kikaanza kuzunguka, na kwa muda wa nusu dakika hivi, maranda yakiruka, hutokea gongo kamili lenye shingo nyembamba na tumbo nene. Mpwa wangu alisimama pale bila kupepesa macho.

Mimi nilikuwa nikiifikiria tuzo. Watengenezaji wa magongo haya yenye chapa ya Louisville Slugger ndio walioanzisha, mwaka 1980, tuzo iitwayo Silver Slugger, ambayo kila mwisho wa msimu hutolewa kwa wapigaji bora wa Ligi ya American na Ligi ya National, zile ligi mbili zinazounda besiboli kuu ya Marekani. Mshindi hupewa gongo lililopakwa fedha, lenye urefu wa sentimita 90 hivi. Wanaopiga kura si waandishi wala mashabiki, bali ni mameneja na makocha wa timu zenyewe. Kila mmoja huwapigia wachezaji wa ligi yake, na haruhusiwi kumchagua mchezaji wa timu yake mwenyewe. Utaratibu huu ninauheshimu sana, kwa sababu kocha anayepiga kura ndiye yule yule aliyekesha akitafuta namna ya kumzuia mpigaji huyo, akashindwa. Ushahidi wake ni wa mtu aliyeumizwa na kile anachokisifu.

Hata hivyo, kilichonifanya niipende tuzo hii ni kwamba hutolewa kwa kufuata nafasi za uwanjani. Mlinzi wa besi ya kwanza hulinganishwa na walinzi wenzake wa besi ya kwanza, na mdakaji hulinganishwa na wadakaji wenzake. Nilipokuwa sekondari nilidaka kwa miaka minne nikiwa kipa wa shule, na kila mashindano yalipokwisha zawadi ya mchezaji bora ilikwenda kwa mshambuliaji, kwani mabao huhesabika kwa urahisi, ilhali mpira uliopanguliwa husahaulika mara tu kona inapopigwa. Sikuwa na kinyongo na washambuliaji wetu, maana walistahili. Nilichotamani ni mtu mmoja aseme kwamba miongoni mwa makipa, fulani ndiye bora.

Mpwa wangu ni mdakaji katika timu ya watoto ya mtaani kwetu, kwa hiyo kazi hiyo nimeiona kwa karibu. Mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji kwa kila mpira unaorushwa, husimama, huchuchumaa tena, na huendelea hivyo mechi nzima. Siku moja ya joto kali nilimsaidia kufungua mikanda ya vikinga vyake vya miguu, nikaona mistari myekundu imechimbika kwenye vigimbi, na kidole gumba cha mkono wa glavu kimevimba. Mtu mwenye mzigo wa namna hiyo, zamu ikigeuka, hutakiwa naye ashike gongo na kuupiga mpira ambao, katika ligi kuu, hutoka mkononi mwa mrushaji aliye umbali wa mita 18 na kumfikia kwa muda usiotimia nusu sekunde.

Ndiyo maana habari za Mike Piazza huwa ninamsimulia taratibu, nisiruke kitu. Mwaka 1988, timu za ligi kuu zilipokuwa zikichagua vijana chipukizi kwa zamu, alichaguliwa na timu ya Dodgers katika raundi ya 62, wakati ambapo karibu kila kijana mwenye jina alikwisha kuchukuliwa, na ni baada ya hapo ndipo alipofunzwa udakaji. Kuanzia 1993 hadi 2002 alichukua gongo la fedha la mdakaji wa Ligi ya National mara 10 mfululizo. Katika maisha yake ya mchezo aliipiga mipira 427 ikavuka ukuta wa uwanja, pigo linalothaminiwa kuliko yote katika besiboli, na 396 kati yake aliipiga akiwa mdakaji. Tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima hakuipata hata mara moja. Alishika nafasi ya pili mwaka 1996 na tena mwaka 1997. Barry Bonds anayo magongo 12, mengi kuliko mchezaji yeyote, lakini moyo wangu uko kwa yale 10 ya Piazza.

Ninachosikitikia ni gongo la mrushaji. Ligi ya American iliacha kuwapigisha warushaji tangu 1973, ikamweka mpigaji maalumu wa kupiga badala yao, lakini Ligi ya National iliendelea kuwapanga warushaji kwenye zamu za kupiga na kumtuza aliye bora kati yao. Wapo walioiona tuzo hiyo kuwa ndogo, kwa vile warushaji wengi hawakuwa wapigaji wazuri. Sikubaliani nao. Mike Hampton aliichukua miaka mitano mfululizo, 1999 hadi 2003, akiwa na timu nne tofauti, na mwaka 2001 alivusha ukuta mipira 7, huku kazi iliyomweka mjini ikiwa ni kurusha. Wa mwisho kuipata alikuwa Max Fried wa Atlanta, mwaka 2021. Mwaka uliofuata ligi zote mbili zikatumia mpigaji maalumu, na gongo la mrushaji likaondoka. Mwaka huo huo liliongezwa gongo la mchezaji anayehamishwa nafasi mara kwa mara, jambo lililonifurahisha, kwani mtu huyo hakuwa na kwake.

"Mjomba, kwani Ohtani si mrushaji?" mpwa wangu aliniuliza tukiwa njiani kutoka. Nikamwambia Shohei Ohtani, yule Mjapani anayerusha na pia kupiga, ni mrushaji, na mwaka ule ule wa Fried alivusha ukuta mipira 46, ila gongo lake la fedha alilipata kwa nafasi ya mpigaji maalumu. Alinyamaza kidogo, akataka kujua kama kwenye gongo huandikwa jina la mshindi peke yake. Nikamweleza kwamba jina lake huchongwa pamoja na ya washindi wenzake wote wa ligi yake mwaka huo.

Mlangoni kila mgeni hupewa gongo dogo la mbao. Alipokaa kwenye kiti cha nyuma cha gari aliomba kalamu, akaanza kuandika juu yake majina ya wenzake wa timu, akianza na la mrushaji wao.