Rufaa Jumatatu, hospitali Ijumaa

Mwaka 2012 nilikuwa mdadisi katika utafiti wa gharama za matibabu, chini ya profesa wangu wa uchumi wa afya. Tulikuwa tunajaribu dodoso kwenye kijiji kimoja wilayani Kilosa kabla kazi yenyewe haijaanza.

Bibi tuliyemkuta alikuwa analea mjukuu wa miaka mitatu. Nikamuuliza mtoto aliumwa lini, alitibiwa wapi, ulilipa kiasi gani. Hakulipa kitu. Uchangiaji wa gharama ulioanza mwaka 1993 uliwasamehe watoto wa chini ya miaka mitano, kwa hiyo nikaandika sifuri.

“Samahani bibi,” Profesa akasema, “daftari lake la zahanati lipo?”

Akalileta: daftari la shule, jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Profesa akaweka kidole kwenye mwandiko wa mganga: rufaa, Jumatatu. Mhuri wa hospitali ulikuwa wa Ijumaa.

“Hapa katikati mlikuwa wapi, bibi?”

“Hapahapa, mwanangu. Natafuta nauli.”

Akatuhesabia. Bodaboda hadi barabara kuu, basi, chakula cha siku alizolala wodini, dawa aliyotumwa kununua duka la nje. Kwa majirani alikosa. Alhamisi, mtoto akihema kwa shida, alimwita mchuuzi akamuuzia mpunga ungali shambani, kwa nusu ya bei ya mavuno. Hata angekuwa na CHF, bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, isingemlipia bodaboda.

Kipimo chetu kiliihesabu kaya kuwa imeelemewa pale matibabu yanapomeza zaidi ya asilimia 10 ya matumizi yake yote. Kwa sifuri ile, bibi angesomeka kama mtu asiyeguswa kabisa, na waziri angepelekewa jedwali linalosema hivyo. Hilo ndilo lililomkosesha Profesa usingizi. Darasani alitusomesha makala ya mchumi Kenneth Arrow ya mwaka 1963, kwamba ugonjwa haupangiki kwenye bajeti kama chakula na mavazi. Usiku ule, nyumba ya wageni, alikuwa anazungumzia mpunga tu.

Kabla ya kulala tuliandika ukurasa mpya: fedha ilitoka wapi, uliuza nini, kwa bei gani, ulisubiri siku ngapi. Mdadisi aombe daftari kwanza, alinganishe tarehe.

Ukurasa huo upo katika kila dodoso nililoandika tangu hapo. Wafadhili hulalamika kwamba unarefusha mahojiano. Siuondoi.