Hekalu langu lilipopata jiko

Katika mchezo wa njozi tunaocheza mezani, marafiki wanne na dadu zao, mimi ndiye msimulizi: nabuni ulimwengu na visa, wao huigiza wasafiri wanaoupitia. Niliwajengea hekalu kileleni mwa mlima: nguzo za kioo, moto usiozimika, kuhani mwenye sauti ya radi. Kurasa kumi na moja za maelezo. Wakaingia, wakatibiwa majeraha, wakatoka. Robo saa, basi. Mmoja akaniuliza kama pale pana kitu kingine cha kufanya. Hapakuwa na kitu.

Mambo yalibadilika nilipoacha kuwaza miungu nikaanza kuwaza malazi. Kule Epidaurus, Ugiriki ya kale, wagonjwa walilala ndani ya patakatifu pa Asclepius, mungu wa uponyaji, wakingoja awajie ndotoni, na nyumba ya wageni ya pale ilikuwa na vyumba 160 vilivyozunguka nyua nne. Vyumba 160! Mimi nilikuwa na madhabahu tu. Hata pa kufungia farasi hapakuwapo.

Kilichonifaa zaidi ni kanuni ambazo Benedikto wa Nursia aliwaandikia watawa katika karne ya 6. Sura ya 53 inahusu wageni. Wapikiwe katika jiko la peke yake pamoja na abati, yaani mkuu wa monasteri, kwa kuwa hawakosekani na hufika saa yoyote, wasije wakawasumbua watawa. Tena mgeni asali kwanza na wenyeji ndipo apewe busu la amani, kwa kuhofia hila za shetani. Hapo nilisoma mara tatu. Katika ulimwengu ambamo mashetani huvaa sura za watu, sala hiyo inageuka ukaguzi wa mlangoni. Na sura ya 66 inataka bawabu awe mzee mwenye busara, ambaye umri wake hautamruhusu kuzurura.

Nikachana kurasa zangu, nikaanzia mlangoni. Bawabu wangu ni bibi kizee anayekaa kwenye kigoda. Kila anayebisha hodi humpa kata ya maji, kisha humwanzishia mstari wa sala aumalizie. Mwenye laana ulimi humwia mzito. Huyo hafukuzwi, hulazwa kibandani nje ya ukuta. Jiko la wageni likakaa mbali na madhabahu, dari yake nyeusi kwa masizi. Muda wa kukaa niliupata kwenye ile methali ya mgeni siku mbili: asubuhi ya tatu msafiri huamka akakuta jembe limeegemezwa mlangoni pake, wala haambiwi neno.

Malipo yalinisumbua. Nikitoza fedha, linakuwa gesti tu. Likiwa bure, hawa jamaa wangehamia moja kwa moja. Nikaamua kila mgeni aache habari moja ya kweli ya huko atokako, iandikwe daftarini. Daftari hilo limenipunguzia kazi kuliko nilivyotarajia, maana kila habari ya mgeni aliyepita ni kisa kinachongoja kuchezwa.

Kikao kilichofuata wakamkuta bibi. "Tulio njiani usiku..." akaanza. Watatu wakamalizia. Wa nne, ambaye laana yake tuliijua yeye na mimi tu, akanyamaza akichezea dadu mkononi. Meza nzima ikamgeukia. Bibi akanyoosha kidole kuelekea kibandani, bila hasira, akamkumbusha kuchukua blanketi.

Ndani ya hekalu hawakufika jioni ile. Saa tatu nzima tulikuwa getini.