Injini Kwanza: Nilivyochagua Mashine ya Kuendesha ya Kukatia Nyasi

Mashine yangu ya kwanza ya kukatia nyasi, ile ya kuketi juu yake na kuiendesha kama trekta dogo, ilikufa injini katika msimu wa tatu nikiwa nimebakiza kona moja tu ya uwanja. Kwa wiki kadhaa ilikuwa inakula oili, nami nikawa naongeza tu kila nilipoona kiwango kimeshuka, bila kujiuliza oili hiyo inakwenda wapi, hadi siku ile ulipoanza mlio wa kugonga ndani ya injini, na kabla sijafikia swichi kuizima, injini ikakaza na kusimama.

Fundi aliyeifungua ni mtu asiye na haraka. Alitoa kwanza kifuniko cha feni akanionyesha mapezi yanayoizunguka silinda, ambayo kazi yake ni kupitisha hewa ya kuipoza, kwa kuwa injini hizi hazina maji wala rejeta. Nafasi zote kati ya pezi na pezi zilikuwa zimejaa nyasi zilizokauka na kushikana kama mkeka. Kisha alichomoa pistoni akanipa niishike: ubavuni ilikuwa na michubuko mirefu, mingine ikinasa ukucha nilipoipitishia kidole, na ndani ya silinda kulikuwa na michubuko inayolingana nayo. Silinda yenyewe ilikuwa ya alumini tupu, haina slivu ya chuma cha kalibu ndani yake, yaani bomba gumu ambamo pistoni huteleza, na kwa injini ya daraja lile kuichonga upya kusingelipa, huku injini nyingine ikigharimu zaidi ya nusu ya bei ya mashine nzima ikiwa mpya. Nilipopiga hesabu, niliona nilikuwa nimeitumia kwa takriban saa 110 tu, umri ambao ni mdogo mno kwa injini iliyotunzwa.

Kosa la kutosafisha mapezi lilikuwa langu, na sikulikwepa. Hata hivyo kulikuwa na kosa la awali zaidi, nalo ni namna nilivyoichagua mashine ile: nilitazama upana wa sanduku la visu na namba ya nguvu za farasi iliyobandikwa kwenye boneti, nikaona vyote viwili ni vikubwa kwa bei ile, nikalipa. Sikuuliza swali hata moja kuhusu injini. Safari ya pili niliamua kugeuza mpangilio huo, injini ipewe nafasi ya kwanza na sehemu kubwa ya fedha, na vingine vyote vigawane kitakachobaki.

Nilianza na eneo, kwa sababu bila kujua kazi iliyopo hakuna namna ya kujua injini inayotakiwa. Uwanja ninaoutunza ni ekari moja na nusu, yaani kama mita za mraba 6,070, na upande mmoja una mteremko. Nilichukua kalamu nikakadiria muda. Mashine yenye upana wa kukata wa inchi 42, ambao ni sentimita 107, ikienda kilomita 6 kwa saa, hukata kama mita za mraba 6,400 kwa saa. Ukiondoa sehemu moja kati ya tano kwa ajili ya kugeuza na kupitia tena ukingo wa mstari uliotangulia, unabaki na takriban 5,100, hivyo kazi yote inaisha kwa saa moja na dakika kumi hivi. Upana wa inchi 54 ungeimaliza kwa dakika 55. Tofauti ni robo saa kwa kila ukataji, na robo saa hiyo inadai sanduku zito zaidi, visu vitatu badala ya viwili, na injini yenye nguvu zaidi ya kuvizungusha. Hapo niliona bayana kwamba fedha niliyokuwa tayari kuitupa kwenye upana ingeweza kuninunulia injini ya daraja la juu, na robo saa naweza kuivumilia.

Bajeti nayo niliigawa kabla ya kwenda kutazama mashine yoyote. Sehemu moja kati ya tano niliiweka kando kwa ajili ya oili, chujio, plagi, mikanda, visu na betri, na nikajikataza kuigusa wakati wa kununua, kwa kuwa nilijua kishawishi cha kuongeza kidogo ili kupata mashine inayopendeza zaidi kingekuja, na kweli kilikuja. Zilizobaki zilitosha ama mashine mpya ya daraja la chini kabisa, ama iliyotumika yenye injini nzuri.

Kuhusu nguvu za farasi, ningependa kueleza kwa kirefu kidogo, maana hapa ndipo wengi tunapopotea. Namba inayoandikwa kwa kawaida ni ya nguvu ghafi, iliyopimwa injini ikiwa peke yake kwenye meza ya majaribio, bila ekzosi wala kisafisha hewa kitakachofungwa kwenye mashine yenyewe, na kwa mizunguko 3,600 kwa dakika. Ikishafungwa na kufanya kazi kwenye joto, nguvu inayofika kwenye visu ni ndogo kuliko hiyo. Nchini Marekani wanunuzi waliwahi kuwashtaki watengenezaji kwa madai ya kukuza namba hizi, na kesi hizo zikafikia suluhu iliyoidhinishwa na mahakama mwaka 2010. Tangu hapo injini nyingi huuzwa kwa kutajwa ujazo wa silinda au nguvu ya kuzungusha. Mimi sasa hutazama ujazo kwanza. Injini ya silinda moja yenye sentimita za ujazo 500 hivi inatosha kwa inchi 42 kwenye uwanja tambarare, lakini kwa mteremko na nyasi ndefu nilitaka silinda mbili za umbo la V, zenye ujazo wa 650 kwenda juu, kwa kuwa hazitetemeki sana, zina akiba ya nguvu nyasi zinapokuwa nzito, na hazilazimiki kukazana muda wote.

Ujazo peke yake hautoshi. Nilipomwomba fundi anisaidie kutafuta, jambo la kwanza aliloniambia lilikuwa, "Kaka, achana na namba ya boneti, nisomee ile iliyopigwa kwenye injini yenyewe." Rangi na jina la boneti mara nyingi ni vya kampuni moja, na injini ni ya nyingine, tena mtengenezaji mmoja wa injini huwa na madaraja zaidi ya moja. Briggs & Stratton wana Vanguard kwa kazi za kibiashara, mbali na zile za nyumbani. Kwenye injini za Kohler, Command Pro ndilo daraja la kibiashara. Kwa Kawasaki, FR ni ya matumizi ya nyumbani ilhali FS na FX zimekusudiwa kazi nzito zaidi. Mtu akikuambia tu kwamba mashine yake ina injini ya kampuni fulani, bado hajakuambia kitu. Namba hizi pia zina siri yake: kwenye injini za Briggs & Stratton, tarakimu za mwanzo za modeli huonyesha ujazo kwa inchi za ujazo, kwa hiyo modeli inayoanza na 44 ina inchi za ujazo zipatazo 44, sawa na sentimita za ujazo 720 hivi, na msimbo wa utengenezaji huanza kwa mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Kwa msimbo huo niliokoa fedha siku moja, pale muuzaji aliponihakikishia kwamba mashine yake ina miaka mitatu, nami nikiwa nimepiga magoti kando yake na tochi nikasoma kwamba injini ilitengenezwa miaka tisa kabla. Nilimshukuru nikaondoka.

Katika injini yenyewe nilidai mambo matatu. La kwanza ni pampu ya oili pamoja na chujio, kwa maana kuna injini ambazo oili hurushwa tu na kijiko kilicho ndani ya sanduku la krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, na kinachofika kwenye beringi ni kile kilichobahatika kuruka huko. Pampu husukuma oili hadi sehemu zinazosuguana, na chujio hunasa uchafu kabla haujazunguka tena. La pili ni slivu ya chuma cha kalibu ndani ya silinda. La tatu ni vipuri kupatikana bila kuhangaika, na hili nililihakiki kwa kutafuta mapema chujio, kabureta na gasketi za modeli husika. Modeli moja niliyoipenda sana niliiacha kwa sababu hiyo tu.

Mashine mpya za bajeti yangu zilipungukiwa na angalau sharti moja kati ya hayo, kwa hiyo nikaingia kwenye zilizotumika, nikijua kwamba hapo ndipo mtu anaweza kuuziwa injini mgonjwa iliyooshwa ikang'aa. Kila muuzaji nilimwomba asiiwashe kabla sijafika. Nikifika, kabla ya mazungumzo yoyote, niliweka kiganja juu ya kifuniko cha vali. Ikiwa ni cha moto, nilijua imeshawashwa ili kuficha tabu ya kuwaka ikiwa baridi. Baada ya hapo nilichomoa kijiti cha kupimia oili, nikaisugua oili kati ya kidole gumba na cha shahada. Weusi haukunitisha, kwa kuwa oili iliyofanya kazi huwa nyeusi, lakini nilitafuta harufu ya petroli, ambayo huashiria kabureta inavujisha mafuta hadi kwenye oili, na nilitafuta chenga za chuma zinazometa juani. Kwenye mashine ya pili niliyoikagua zilimeta.

Ya tatu ndiyo niliyoinunua. Mita yake ilisoma saa 284, injini ikiwa na silinda mbili, pampu, chujio na slivu za chuma. Kifuniko cha vali kilikuwa baridi. Muuzaji alipozungusha ufunguo, stata ilizunguka nusu, ikakwama kama iliyogonga ukuta, kisha ikajikokota na injini ikawaka. Yeye aliamini stata inakaribia kufa, na alikuwa ameshaipunguza bei kwa sababu hiyo. Fundi, aliyekuwa amenisindikiza, aliniambia kwamba nafasi za vali, yaani ule mwanya mdogo kati ya vali na kinachoisukuma, zikizidi kupanuka, ule utaratibu unaofungua vali kidogo ili kupunguza mgandamizo wakati wa kuwasha haufanyi kazi vizuri, na stata hulazimika kupambana na mgandamizo wote. Tulimweleza muuzaji wazi tunachodhani, kwa kuwa sikutaka kununua kitu kwa kunyamaza, naye akasema bei inabaki ileile kwa sababu hana muda wa kuhakikisha.

Hatukuishia hapo. Kipimo cha kawaida cha mgandamizo kinaweza kudanganya kwenye injini zenye utaratibu huo wa kuwashia, kwa hiyo fundi alileta kifaa cha kupima uvujaji: pistoni inawekwa juu kabisa, krenki inazuiwa isizunguke, silinda inajazwa hewa kupitia tundu la plagi, kisha unasikiliza inatokea wapi. Kwa silinda zote mbili tulisikia mnong'ono mdogo tu kwenye tundu la kujazia oili, ambao ni wa kawaida kwa ringi za pistoni zilizotumika, na kimya kwenye ekzosi na kabureta, maana yake vali zinaziba. Plagi zilikuwa na rangi ya kahawia iliyofifia, kavu. Tuliiacha injini iungurume nusu saa, kisha nikapiga resi ghafla nikitazama ekzosi. Hakukuwa na moshi wa buluu, ambao ni dalili ya oili kuungua.

Vingine nilivitazama haraka. Gia ilikuwa ya haidrostatiki, ya kukanyaga pedali bila klachi, na nilihakikisha inapanda mteremko ikiwa imeshapata moto, kwa sababu ikiwa baridi hata iliyochakaa hupanda. Sanduku la visu lilikuwa na kutu upande mmoja, kiti kimepasuka. Havikunisumbua.

Jumamosi iliyofuata tulirekebisha vali, injini ikiwa baridi, kila moja ikiwekwa kati ya milimita 0.10 na 0.15 kama kitabu chake kinavyoelekeza. Nilizungusha ufunguo, stata ikazunguka moja kwa moja bila kukwama. Sehemu ile ya tano ya bajeti ililipia oili, chujio, plagi, mkanda na visu viwili, na bado ikabaki kidogo, nikaongezea mfuniko wa kiti.

Sasa huu ni msimu wa nne na mita inasoma saa 447. Oili na chujio hubadilishwa kila baada ya saa 100, na kila baada ya saa 25 natoa kifuniko cha feni na kusafisha mapezi kwa brashi na hewa, nikianza na upande ule wa nyuma usioonekana, ambako nyasi hupenda kujificha. Kwenye mteremko napanda na kushuka, sikati kwa kukingama, na pale panapozidi digrii 15 natumia mashine ya kusukuma kwa mkono. Kabla ya kuiweka kwa miezi ya kutokukata, nafunga koki ya petroli na kuiacha injini iungurume hadi ijizime yenyewe, ili petroli isigande ndani ya kabureta. Kati ya kubadilisha oili na kubadilisha tena, kiwango kwenye kijiti hushuka kama unene wa ukucha, na hiyo ndiyo namba ninayoiandika kwenye daftari ninalolitunza chini ya kiti.