Siku moja kazini na dawa ya moyo itokayo majanini

Saa moja asubuhi. Kazi yangu ya ufamasia wodini huanza kwa kusoma majibu ya maabara yaliyoingia usiku, na wagonjwa wanaotumia digoksini ndio ninaowatazama kwanza. Dawa hii hupatikana katika majani ya Digitalis lanata, ndugu wa mmea ambao tabibu Mwingereza William Withering aliandika habari zake mwaka 1785, baada ya kuwapa wagonjwa waliovimba kwa kujaa maji mwilini. Kiasi kinachofaa na kiasi kinachodhuru vimekaribiana mno. Leo nasita kwenye jalada la bibi mmoja mwenye moyo ulioshindwa, yaani usiosukuma damu ya kutosha, na mpapatiko wa atiria, yaani vyumba vya juu vya moyo hutetemeka bila mpangilio: ameongezewa dawa ya kukojosha, kisha antibiotiki iitwayo klarithromaisini kwa ajili ya kifua, na sasa potasiamu yake imeshuka hadi 2.9 huku figo zikifanya kazi kwa kusuasua.

Saa tatu. Tunampitia pamoja na daktari. “Mwanangu, mbona mashuka yenu siku hizi yana umanjano?” ananiuliza, naye amelalia shuka jeupe kabisa. Hamu ya chakula imemtoka tangu jana, na mapigo yake ni 44 kwa dakika. Zote hizo, pamoja na kuona umanjano, ni dalili za digoksini kuzidi mwilini. Digoksini huzuia pampu ya seli inayotoa sodiamu na kuingiza potasiamu, ile aliyoigundua Jens Skou wa Denmaki mwaka 1957 na kutunukiwa Nobeli mwaka 1997. Sodiamu ikilimbikizana ndani, kalsiamu nayo huongezeka, na msuli wa moyo hujikaza kwa nguvu zaidi. Potasiamu hugombea nafasi na dawa kwenye pampu hiyo. Ikipungua, dozi ileile ya kila siku huwa kali. Klarithromaisini nayo hupunguza utoaji wa dawa mwilini. Tunasimamisha digoksini, tunabadilisha antibiotiki, tunarudisha potasiamu taratibu na kumwunganisha na mashine ya kufuatilia moyo.

Saa tano. Maabara wanapiga simu: digoksini katika damu ya bibi ni nanogramu 3.8 kwa mililita. Daktari mwanafunzi anataka kiuasumu papo hapo, lakini mimi nauliza kwanza damu ilichukuliwa saa ngapi. Ilichukuliwa saa tatu, na kidonge kilimezwa saa mbili. Dawa huhitaji angalau saa sita kutoka kwenye damu na kuenea katika tishu, kwa hiyo namba ya mapema hivyo hutisha bila kufundisha chochote. Dalili za bibi ndizo zinazoaminika zaidi.

Saa nane. Kipimo cha pili ni 2.4, nacho bado kiko juu, kwa kuwa kwa moyo ulioshindwa tunalenga kati ya 0.5 na 0.9. Shinikizo la damu limetulia, hivyo tunasubiri. Figo zenye afya hutoa nusu ya dawa kwa saa 36 hadi 48. Zake zitachukua muda mrefu zaidi.

Saa kumi na nusu. Chumba cha dharura wananiita kwa kijana aliyekunywa maji ya majani ya oleanda yaliyochemshwa, eti yanasafisha damu. Anatapika, moyo unapiga bila mpangilio, na potasiamu imepanda hadi 6.3. Asubuhi potasiamu ndogo ndiyo iliyoipa sumu nafasi. Hapa potasiamu kubwa ni ishara kwamba pampu zimezuiwa mwili mzima. Glikosidi za oleanda, yaani kemikali za mmea huo zinazoathiri moyo, ni za ukoo mmoja na digoksini, sawa na wabaini, sumu ya mti wa msunguti, ambayo wawindaji wa Afrika Mashariki waliipaka mishaleni. (Anayedai kwamba kitu cha asili hakina madhara angeuliza wawindaji hao.) Kipimo chetu cha digoksini huitambua sumu ya oleanda kwa sehemu tu: kinathibitisha kwamba ipo, hakisemi ni kiasi gani. Tunampa mkaa ulioamilishwa, kisha kiuasumu chenyewe: vipande vya kingamwili vinavyotengenezwa kwa kutumia kondoo, ambavyo hunasa glikosidi katika damu.

Saa kumi na mbili jioni. Ninamkabidhi mwenzangu wa zamu ya usiku. Kwa kijana, potasiamu ipimwe mara kwa mara, maana kiuasumu kikifanya kazi itaingia kwenye seli na inaweza kushuka ghafla. Kiwango cha digoksini kisirudiwe, kwa kuwa kipimo cha kawaida huhesabu pia sumu iliyokwisha kunaswa. Kwa bibi, hakuna kidonge kesho asubuhi, hata kama mapigo yatakuwa yamepanda.