Herufi Moja

Dada alitaka kitu kimoja tu: picha ya mwanawe ikae kwenye kioo cha netibuku yake, ile kompyuta ndogo ya kubebeka, ili kila akiiwasha amwone mtoto kwanza, kazi baadaye.

Ilikuwa katikati ya mwaka 2010. Netibuku zilikuwa bado zina heshima zao, na yake ilikuwa ya kisasa kwa wakati ule: kioo cha inchi 10.1, prosesa ya Atom N450, memori ya GB 1, na ndani yake Windows 7 Starter. Aliyewahi kuitumia Starter ameshajua kisa kinaelekea wapi. Lilikuwa toleo dogo la Windows 7, na miongoni mwa mambo lililonyimwa ni hilo hilo la kubadili picha ya nyuma. Unabofya kitufe cha kulia, unatafuta pale palipozoeleka, hapapo.

"Dada, hapa haiwezekani," nilimwambia. "Mpaka ubadilishiwe mfumo endeshi wote."

"Mimi sijaomba mfumo. Nimeomba picha."

"Nitakuwekea mwingine, wa bure, na picha utaweka."

Akaniangalia kwa lile jicho la mtu aliyenibeba mgongoni. "Fanya unavyojua. Ila kazi zangu na picha za mtoto isipotee hata moja. Umenisikia?"

"Nimekusikia, dada."

Akaniachia mashine na chaja, akasema ataifuata baada ya siku mbili.

Sasa niseme lile ambalo yeye sikumwambia. Haja yake ningeimaliza jioni ile ile. Ubuntu 10.04, mfumo wa bure wa jamii ya Linux, ilikuwa imetoka Aprili, nilikuwa nayo tayari kwenye flashi, na kubadili picha kwenye Ubuntu ni kubofya mara mbili tatu. Tatizo ni kwamba mikononi mwangu ilikuwa imeingia mashine ya Atom, na mimi nilikuwa na kiu ya Atom.

Ya kwangu ilikuwa Eee PC 701, ile ya kwanza kabisa iliyotoka mwishoni mwa 2007: kioo cha inchi 7, hifadhi ya GB 4, memori ya MB 512, prosesa ya Celeron M. Ilikuja na Xandros, Linux yenye vialama vikubwa vikubwa kama vya kitabu cha chekechea. Sidhani kama Xandros ile ilimaliza wiki. Tangu hapo mashine ilikuwa ikivuliwa mfumo huu na kuvishwa ule. Sehemu ya CD haikuwa nayo, kwa hiyo kila kitu kilipitia kwenye flashi: unapakua faili, unaiandika kwenye flashi, unawasha huku unagonga Esc, unachagua flashi, unasubiri. Nikiwa mkweli, ni kule kusubiri ndiko kulikonikamata, kuliko mifumo yenyewe. Kioo kimekuwa cheusi, kialama cha kuandikia kinapepesa kona ya juu kushoto, na hujui kama kinachofuata ni uhai au kimya.

Katika Linux zote nilizojaribu, niliipenda sana Puppy. Mwanzilishi wake, Barry Kauler wa Australia, aliipa jina la mbwa wake, na ukiiwasha spika zikiwa nzima inakubwekea. Nzima ilikuwa na kama MB 100, ikajipakia yote kwenye memori, kisha ukawa huru kuichomoa flashi iliyoileta. Nilijaribu pia Haiku, mfumo mwingine wa bure usio Linux, toleo la Alfa 1 la Septemba 2009. Iliwaka kabla sijakaa vizuri kwenye kiti, na sikuwa na la kufanya nayo, lakini nilibaki naitazama tu.

Mlango mmoja ndio ulinifungia. Intel walikuwa na Moblin, mfumo uliotengenezwa mahsusi kwa netibuku, na Februari 2010 wakauunganisha na Maemo, mfumo wa Nokia wa vifaa vya mkononi, ukazaliwa MeeGo. MeeGo 1.0 ya netibuku ilitoka Mei. Lakini programu zake zilikuwa zimeandaliwa kwa prosesa zenye maagizo yaitwayo SSSE3. Atom inayo, Celeron M ya 701 haina. Nilikuwa nimeipakua faili kwa usiku mzima, ikakaa kwenye kadi ya SD bila mashine ya kuiendesha. Halafu dada akaniachia Atom kwa siku mbili.

Nilijiambia sitagusa diski yake. MeeGo ingeendeshwa kutoka kwenye flashi, niione, nishibe, kisha niweke Ubuntu kama nilivyoahidi. Mpango safi. 701 yangu jioni hiyo ilikuwa imefunguliwa, kibodi kando, skrubu kwenye kifuniko cha chupa, nikiisafisha vumbi. Kwa hiyo niliwasha Puppy kwenye netibuku ya dada, ikabweka, nikachomoa flashi yake, nikachomeka flashi nyingine ya GB 8 niliyoikusudia kwa MeeGo, na kadi ya SD upande wa pili. Nikafungua dirisha la amri.

Amri yenyewe inaitwa dd. Ni fupi na haina huruma: unaiambia soma hapa, andika pale, nayo inaandika. Haiulizi kama una uhakika.

Na hapa ndipo mazoea yaliponiponza. Linux nilijifunzia kwenye kompyuta kongwe ya mezani yenye diski ya IDE, aina ya zamani. Kwenye mifumo ya wakati ule diski kama ile iliitwa hda, na flashi ya kwanza kuchomekwa ikawa sda. Miaka miwili vidole vyangu vilijua flashi ni sda. Lakini netibuku ya dada ilikuwa na diski ya SATA, aina iliyoirithi IDE, na ya SATA ndiyo inayochukua jina la sda. Flashi inasogea, inakuwa sdb. Nililijua hilo vizuri sana, ungeniuliza ningekueleza bila kukwama. Vidole havikuulizwa.

dd if=meego.img of=/dev/sda bs=4096

Nikabonyeza Enter, nikainuka nikanyooshe mgongo.

Flashi ile ilikuwa na kitaa cha bluu ubavuni, kinachopepesa ikiandikwa. Niliporudi kukitazama kilikuwa kimetulia, kinawaka bila kupepesa, kama mtu asiyehusika. Chini ya kibodi, kile kitaa kidogo chenye alama ya diski ndicho kilichokuwa kinawaka mfululizo. Niliviangalia vyote viwili, kimoja baada ya kingine, kwa muda mrefu kuliko nilivyopaswa. Kisha nikasoma nilichoandika. Herufi ya mwisho ilikuwa a.

Nikabonyeza Ctrl na C. dd ikasimama na kutoa mistari yake mitatu ya hesabu: imesoma kiasi hiki, imeandika kiasi hiki. Zaidi ya MB 500. Mikono ilikuwa baridi huku masikio yakiwaka moto. Nilisikia sauti ya dada kabisa: isipotee hata moja.

Jambo la kwanza lililonijia ni kuizima mashine. Sijui kwa nini binadamu akiogopa anataka kuzima. Nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye swichi nilipoona chini ya kioo vile vialama vya Puppy, kimoja kwa kila sehemu ya diski: sda1, sda2, sda3. Bado vilikuwa vimejipanga. Kwa haki havikupaswa kuwepo, kwa sababu jedwali linalosema sehemu zinaanzia wapi na kuishia wapi hukaa mwanzoni kabisa mwa diski, na mwanzoni kabisa ndipo nilipopamwagia MeeGo.

Nikakitoa kidole. Kerneli, kile kiini cha mfumo, ililisoma jedwali lile wakati mashine inawaka, na haikuwa imeambiwa ilisome tena. Diskini halikuwepo, ila kwenye memori lilikuwa linakumbukwa bado. Ningezima, lingekwenda.

Nilitafuta kalamu. Ndani ya /sys/block/sda kuna folda ya kila sehemu, na ndani yake faili mbili ndogo, start na size, kila moja ina namba moja. Nilizinakili zote sita nyuma ya bahasha, kisha nikazirudia kuzisoma kwa sauti huku nikifuata kwa kidole. Ndipo nilipoielewa diski ile. Sehemu ya kwanza, yenye GB 10 na ushei, ilikuwa ile iliyofichwa, inayobeba nakala ya kuirejesha Windows kama ilivyotoka kiwandani. Ya pili ilikuwa ndogo, ya kuwashia. Ya tatu ndiyo yenye kila kitu cha dada.

Lazima nikiri nilivyokuwa nikizidharau sehemu zile zilizofichwa. Kila netibuku iliyopita mikononi mwangu, kitu cha kwanza nilichokifuta ni hiyo, nikiiita mwizi wa nafasi. Hata hii nilikuwa nimeshapanga kuifuta. Sasa ndiyo iliyokuwa imekaa mbele ikapokea MB zote za MeeGo kifuani, na nyuma yake ya tatu haikuguswa.

Nilibofya kialama cha sda3. Kikafunguka. Folda zikajitokeza na majina yale yale aliyozipa dada, mojawapo "kazi mpya mpya kabisa". Nikaingia kwenye picha, nikafungua ya kwanza niliyoiona. Mtoto amekaa sakafuni, ameshika kiatu kichwa chini, kisigino sikioni, anapiga simu. Nilicheka peke yangu mpaka nikajishtukia.

Kunakili kulichukua usiku. Kazi na picha zilikuwa GB 6 hivi, na zilihamia kwenye ile flashi ya GB 8, ile ile iliyosahauliwa na dd, ambayo sasa kitaa chake cha bluu kilipepesa mpaka alfajiri. Sikulala. Nilihesabu faili huku, nikahesabu huku, kisha nikafungua picha moja moja kutoka kwenye flashi. Zaidi ya 1,000. Nadhani hakuna mjomba aliyewahi kumtazama mpwa wake hivyo.

Asubuhi nilizima kwa roho iliyotulia, nikawasha tena, na kama nilivyotarajia vialama vyote vitatu vilikuwa vimekwenda. Nikaiendesha TestDisk, programu inayopekua diski ikitafuta alama za sehemu zilizopotea. Ikanirudishia ya pili na ya tatu, na namba zake zililingana na za bahasha yangu, tarakimu kwa tarakimu. Ningeweza kulala usiku ule na kumwachia TestDisk kazi yote. Sijutii bahasha. Windows yenyewe haikukubali kuwaka tena, na sikubembelezana nayo, kwa kuwa muda wake ulikuwa umeshafika tangu mwanzo.

Ubuntu 10.04 iliingia chini ya saa moja. Kilichonisumbua ni kioo tu: kimo chake ni pikseli 600, na madirisha mengine yalikuwa marefu kuliko kioo, vitufe vimezama chini visipofikika. Dawa yake ni kushikilia Alt na kuliburuta dirisha juu. Nilimwandikia dada hilo kwenye karatasi. Nikarudisha mafaili, nikaweka ile picha ya kiatu nyuma ya kioo, nikaizima. MeeGo sikuijaribu. Hamu ilikuwa imekatika yenyewe.

Alikuja jioni. Akaiwasha palepale mlangoni, begi bado begani, na mtoto akatokea na simu yake ya kiatu. Akatabasamu, akanyoosha kidole akagusa kioo pale kwenye shavu.

"Kumbe ni kitu kidogo hivi," akasema. "Siku mbili zote ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nahakikisha, dada."

Akafungua folda moja, akaifunga, akaifungua tena. Uso ukabadilika kidogo. "Na hii alama ya kufungia, nani kaihamishia kushoto?"

Ubuntu 10.04 ndiyo iliyovipeleka vitufe vya madirisha upande wa kushoto, dunia nzima ililalamika.

"Hiyo si mimi," nikasema, na kwa hilo angalau nilikuwa nasema kweli.